Bei ya Mchoro Kabla Tisheti Haijachapwa

Anayepanga kuuza tisheti, vikombe au mifuko ya kitambaa yenye michoro akifika Kariakoo huulizia bei ya tisheti tupu, bei ya kuchapa na nauli ya bodaboda atakayebeba mzigo. Bei ya mchoro haimo kwenye hesabu. Mchoro unatoka kwenye simu: ameuona Pinterest, ametumiwa WhatsApp, au kijana wa kompyuta ameutafuta Google mteja akiwa amesimama mezani. Mwenye oda na mchapaji wote wanauona kama kitu kisicho na mwenyewe. Mchoro una mwenyewe, ruhusa yake ina bei, na bei hiyo hutofautiana sana kulingana na mahali unapouchukua. Nimekuwa nikizilinganisha bei hizo kwa sababu naona wafanyabiashara wadogo wengi wanachagua njia inayoonekana ya bure, na njia hiyo ndiyo inayowaacha na mzigo wasioweza kuuuza popote nje ya mtaa wao.

Zamani kidogo, kazi kubwa ya tisheti ilikuwa ya skrini. Kila rangi ilihitaji fremu yake, kwa hiyo fundi hakukubali oda ya tisheti tatu. Aliyechapa alichapa mia, mia mbili, za kampeni, za mahafali, za kampuni. Siku hizi kuna sablimesheni kwa vikombe na vitambaa vya polista, na kuna DTF, ambapo mchoro huchapwa kwenye filamu kisha hubanwa juu ya pamba kwa mashine ya joto. Kuchapa tisheti moja hakumsumbui tena fundi. Mama anachapisha ya birthday ya mwanawe, ndugu wanachapisha ishirini za msiba zenye picha ya marehemu, kikundi cha vikoba kinachapisha kumi na tano za sare. Mashine imeshusha idadi ya chini ya oda mpaka kipande kimoja, lakini leseni za michoro duniani bado zinauzwa kwa mchoro mzima, uchape kimoja au uchape elfu. Hapo ndipo hesabu inapomgeukia mtu wa oda ndogo.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218, na msimamizi wake ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Haki ya mchoraji inaanza pale anapomaliza kuchora, asajili asisajili. Usajili COSOTA humsaidia kuthibitisha siku ya ubishi. Haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na kwa ajili hiyo mchoro wa kijana wa Indonesia au Brazil unalindwa hapa kama wa kijana wa Temeke. Haki zinazohusika kwenye tisheti ni mbili kubwa: haki ya kunakili, ambayo inamgusa mwenye mashine, na haki ya kusambaza nakala, ambayo inamgusa muuzaji. Kwa hiyo kauli ya "mimi nimeletewa tu nichape" haimwondoi fundi kwenye kesi.

Sasa tuingie kwenye maghala ya picha ya mtandaoni, yale makampuni yanayohifadhi mamilioni ya picha na kuuza ruhusa za kuzitumia: Shutterstock ya New York, Adobe Stock, iStock iliyo chini ya Getty Images, Freepik ya Málaga huko Hispania. Wengi wanaolipia wanadhani wakishalipa wamenunua picha. Walichonunua ni ruhusa ya matumizi fulani, na matumizi ya tisheti mara nyingi hayamo. Leseni ya kawaida ya Shutterstock na ya Adobe Stock inakuruhusu kuchapa hadi nakala 500,000 za kipeperushi, bango au kitabu. Idadi hiyo inamdanganya mtu. Anaiona nusu milioni, anasema tisheti zangu hamsini zitanishinda vipi? Lakini leseni hiyohiyo inakataza bidhaa za kuuza ambazo thamani yake inatokana na picha yenyewe. Kipeperushi cha duka lako chenye picha ya kahawa kinaruhusiwa. Kikombe unachokiuza kwa sababu ya mchoro wa kahawa ulio juu yake hakiruhusiwi, hata kama ni kimoja.

Kwa bidhaa za kuuza kuna leseni ya daraja la juu, na hiyo ndiyo inayouma. Adobe Stock kwa miaka mingi imeiuza kwa karibu dola 80 kwa mchoro mmoja. Tuchukue dola kwa shilingi 2,600 ili tupate hesabu rahisi: ni shilingi 208,000. Ukichapa tisheti 500, mchoro umekugharimu shilingi 416 kwa kila moja, jambo dogo kabisa. Ukichapa 100, ni shilingi 2,080. Ukichapa 12 za kujaribu soko, na kwa kawaida Kariakoo mtu huanzia hapo, ni zaidi ya shilingi 17,300 kwa tisheti moja, pengine zaidi ya tisheti na kuchapa vikijumlishwa. Na hata baada ya kulipa hivyo, jirani yako wa duka la tatu anaweza kununua mchoro huohuo kesho, kwa sababu leseni hizi hazikupi upekee wowote.

Kuna sharti jingine ambalo linawagusa wachapaji kuliko wauzaji, nalo halisemwi vya kutosha. Mchapaji hukusanya michoro mia, akaipanga kwenye katalogi ya WhatsApp, mteja akachagua namba 34, ikachapwa. Leseni nyingi za maghala zinaitaja hali hii waziwazi na kuikataza: bidhaa ambayo mtu wa tatu anachagua mchoro na kutengenezewa yeye. Aliyelipia leseni ya kawaida ya mwezi kwa ajili ya katalogi kama hiyo ametoa hela yake bure. Kama biashara yako ni ya katalogi, tafuta leseni inayotaja uchapaji wa oda moja moja kwa maneno hayo, na uihifadhi nakala yake pamoja na tarehe, maana masharti hubadilika.

Na michoro ya bure? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Freepik inatoa michoro ya bure kwa sharti la kumtaja mwenye mchoro, na leseni yake ya bure hairuhusu mchoro uwe kiini cha bidhaa ya kuuza. Pixabay ilikuwa ikitoa picha kwa tamko la CC0, ambalo kwalo mwenye kazi anaachilia haki zake zote; mwanzoni mwa 2019 ikabadilisha, na leseni ya sasa inakataza kuuza picha kama ilivyo, pamoja na kuichapa kwenye bidhaa bila kuongeza ubunifu wako. Unsplash ilifanya mabadiliko ya namna hiyo mwaka 2017. Kwa hiyo video ya kabla ya mabadiliko hayo inayokufundisha kwamba Pixabay ni ruksa kwa kila kitu imepitwa na wakati. Kwenye tovuti nyingine utakuta alama za Creative Commons: yenye herufi NC haitaki biashara, yenye ND haitaki ubadilishe chochote. Hizo mbili zote usizitumie kwa tisheti. Yenye BY peke yake inataka jina la mchoraji, na jina hilo linaweza kuandikwa kwenye lebo ya shingoni au kikaratasi cha bei.

Bure ya kweli ipo, na haitangazwi Kariakoo inavyostahili. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliachia picha zaidi ya 375,000 kwa CC0 mwezi Februari 2017. Smithsonian ya Washington ikafuata Februari 2020 na picha milioni 2.8. Maktaba ya Biodiversity Heritage Library ina vitabu vya zamani vya ndege, samaki, maua na wadudu, vingi vikiwa vimetoka kwenye ulinzi muda mrefu uliopita. John Gerrard Keulemans, Mholanzi aliyechora mamia kwa mamia ya ndege, wakiwemo wa Afrika, alifariki mwaka 1912. Kazi zake ni za wote. Ndege wa namna hiyo, akisafishwa vizuri na kuwekewa jina lake la Kiswahili chini, anafaa tisheti ya mtalii anayeshuka kivukoni kutoka Zanzibar kuliko simba wa katuni aliyenakiliwa mara elfu. Gharama yake ni muda wa kijana wa kompyuta tu. Uangalie kwanza alama ya CC0 kwenye ukurasa wa picha husika, kwa kuwa makumbusho hayaachii kila kitu.

Canva inastahili maelezo yake, kwa sababu vijana wengi wa stationari wanaitumia kila siku. Kampuni hiyo ya Australia inaruhusu uuze bidhaa zenye michoro yake ilimradi umeunganisha vipande ukatengeneza muundo wako. Inakataza kuchukua kipande kimoja kama kilivyo na kukichapa. Ua moja la Canva katikati ya tisheti nyeupe halitoshi. Ua, maandishi, mpangilio na rangi ulizochagua mwenyewe, hapo unakaa ndani ya masharti. Tuseme umelipia mwezi mmoja kwa shilingi 35,000: kwa tisheti 12 ni kama shilingi 2,900 kila moja, kwa 50 ni shilingi 700. Ni bei nzuri kwa sare za vikoba na za kitchen party, ambako hakuna anayehitaji upekee. Haifai nembo ya biashara, maana Canva hairuhusu vipande vyake vya maktaba visajiliwe kama alama ya biashara, na ukifika kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na nembo iliyotengenezwa kwa ua la watu wote huna unachoweza kukimiliki.

Sasa hesabu ya mchoraji wa hapahapa. Wachoraji na wabunifu wanaojua kazi wapo wengi Dar es Salaam, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mchapaji wa Kariakoo, "Kaka, mchoro huu utaniruhusu kwa kiasi gani?" Wanachoulizwa ni bei ya kazi ya siku. Njia ni mbili. Ya kwanza ni malipo ya mara moja. Tuseme shilingi 100,000 kwa mchoro. Kwa tisheti 12 ni karibu shilingi 8,300 kila moja, kwa 100 ni 1,000, kwa 500 ni 200. Tayari ni chini ya nusu ya leseni ya ghala la nje kwa idadi ileile. Njia ya pili ni malipo kwa kipande, na hii ndiyo ninayoipendelea kwa anayeanza: mchoraji apate, tuseme, shilingi 1,500 kwa kila tisheti inayouzwa. Ukiuza 12 umemlipa 18,000. Ukiuza 66 umemlipa 99,000. Kuanzia ya 67 malipo ya mara moja yangekuwa nafuu kwako, lakini kufikia hapo soko limeshakuambia mchoro unapendwa, na unaweza kurudi kwa mchoraji mkapanga bei mpya. Hakuna ghala la mtandaoni nililolitaja hapa ambalo leseni yake ya kawaida inakubali kupungua kadiri oda yako inavyopungua. Mtu wa Sinza au Mbagala anakubali, kwa sababu mnaonana.

Naye anakupa upekee, ukiuandika. Na anakupa kitu kinachotoka hapa. Maghala ya nje yamejaa michoro iitwayo ya Kiafrika: twiga mbele ya jua jekundu, mbuyu, mwanamke mwenye mtungi kichwani. Mingi haina mji, haina mtaa, haina mtu. Daladala ya Gongolamboto yenye maneno kwenye kioo cha nyuma, muuza kahawa na birika lake, mama wa mihogo ya Coco Beach, hivyo havipatikani huko kwa namna ambayo mtu wa Dar atasema hiki ni changu.

Uchoraji wa Tingatinga unaonyesha jambo hili vizuri. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya hardboard, akafariki mwaka 1972. Kwa hesabu ya miaka 50, kazi zake mwenyewe zimetoka kwenye ulinzi wa sheria ya Tanzania tangu mwanzo wa 2023. Anayeuza nje aangalie sheria ya nchi anakouza, kwa kuwa zipo zinazolinda miaka 70. Lakini wengi wa wachoraji waliomfuata wako hai, wakiwemo wa ushirika wa Tingatinga ulioanzishwa 1990 pale Oyster Bay. Mtindo wao kila mtu anaweza kuuchora. Picha fulani ya chui na ndege iliyotundikwa pale ukutani, ukiipiga kwa simu na kuichapa kwenye vikombe, umechukua mali ya mtu unayeweza kumfikia kwa daladala mbili. Kununua picha yenyewe hakukupi haki ya kuinakili. Umenunua ubao na rangi, na ruhusa ya kuchapa ni mazungumzo mengine. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa vikombe vya namna hiyo navikuta madukani, na mchoraji hajui.

Ipo michoro ambayo usilinganishe bei yake kabisa, maana haitauzwa kwako. Katuni za sinema kwenye tisheti za birthday ni za kwanza. Nembo za klabu ni za pili. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zote zina makao yao Kariakoo, na thamani ya ruhusa ya jezi inajulikana hadharani: mwaka 2021 Simba ilitangaza mkataba wa shilingi bilioni 2 kwa miaka miwili na kampuni ya Vunjabei. Anayechapa nembo ile kwa siri anashindana na aliyelipa fedha hizo, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia. Bendera na Nembo ya Taifa zina sheria yake na zinahitaji kibali kwa matumizi ya biashara. Picha za watu maarufu zilizowekwa kwenye maghala huwa zimeandikwa kuwa ni za habari tu, na leseni yoyote unayolipa haizigeuzi kuwa za tisheti. Kwa tisheti za msiba, picha iliyopigwa na ndugu kwa simu haina tatizo familia ikikubali. Ikiwa ilipigwa na studio, piga simu studio. Sijasikia mpiga picha mwenye utu akikataa katika hali hiyo.

Anayetaka kuuza kupitia majukwaa ya nje yanayochapa kwa oda, kama Redbubble au Amazon Merch on Demand, ajue anaingia kwenye sheria za huko. Pale unathibitisha mwenyewe kwamba haki ni zako, na malalamiko yakija bidhaa inaondolewa, akaunti nayo inaweza kufungwa. Hata maneno yetu hayako salama huko: Disney iliomba alama ya biashara ya "Hakuna Matata" Marekani mwaka 1994, filamu yake ya simba ilipotoka, ikasajiliwa 2003, na inahusu tisheti. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi kupinga, lakini usajili ulikuwa umeshafanyika. Alama hiyo ni ya nchi ilikosajiliwa, kwa hiyo duka la Mtaa wa Kongo, Kariakoo, si suala lake. Duka la mtandaoni linalouza Chicago ni suala lake.

Picha za akili mnemba zinazidi kuingia mezani kwa sababu hazina gharama kubwa. Tatizo lake kwa mfanyabiashara ni kukosa kinga. Mahakama ya Marekani iliamua Agosti 2023 kwamba kazi iliyotengenezwa na mashine bila binadamu haina hakimiliki. Jirani akiinakili tisheti yako ya namna hiyo, utamshika kwa lipi? Kwa oda ya birthday haijalishi. Kwa chapa unayotaka ikukuzie biashara, inajalisha sana.

Kwa hiyo mimi ningegawanya hivi. Oda ya mara moja ya sare: Canva iliyounganishwa vizuri, au picha za CC0. Oda kubwa ya kampuni, tisheti 500 kwenda juu, inayotaka mchoro fulani wa nje: lipia leseni ya juu, haitaonekana kwenye bei. Biashara ya kudumu yenye jina lako, hata kama unaanza na tisheti kumi na mbili: mchoraji, kwa kipande, kwa maandishi. Wauza kanga waliona umuhimu wa alama zamani. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa bado zina maneno "Mali ya Abdulla" kwenye kitambaa, na wateja wanayatafuta. Jina dogo la mchoraji chini ya mchoro wako linaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Maandishi yenyewe hayahitaji wakili kwa oda ndogo. Karatasi moja, nakala mbili, ichapwe picha ndogo ya mchoro juu yake ili isije ikabishaniwa ni upi. Iandikwe: mchoro huu ni kazi yangu mwenyewe, sikuunakili kokote, namruhusu fulani auchape kwenye tisheti, vikombe na mifuko, auuze Tanzania na mtandaoni, kwa muda wa miaka miwili, atanilipa shilingi kadhaa kwa kila kipande, kila mwisho wa mwezi, kwa muda huo sitampa mtu mwingine ruhusa ya bidhaa hizohizo, hataubadilisha bila kuniuliza, jina langu litaonekana. Sahihi mbili, shahidi mmoja, tarehe. Faili halisi la mchoro libaki kwa mchoraji, na fundi apewe faili la kuchapia lenye ukubwa wa kazi hiyo tu. Malipo yapite kwa simu, si mkononi, ili ujumbe wa muamala ubaki kama kumbukumbu kwa pande zote mbili, na daftari la idadi iliyochapwa mchoraji awe na haki ya kuliona siku yoyote atakapopita dukani.